Mwamba wa Tororo Uingie Darasani

Ukanda unaoanzia vilima vya Samia kando ya Ziwa Viktoria, ukapita katika mji wa Busia uliogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda, kisha ukaelekea Malaba na Tororo, una miamba ambayo wanafunzi wa kemia wa nchi nyingi huisoma vitabuni tu. Humo mna jiwe la chokaa linalochomwa ili kupata saruji, fosfeti inayotengenezewa mbolea, mishipa ya kwatzi yenye dhahabu, na mawe ya chuma ambayo wahunzi wa Kisamia waliyayeyusha vizazi kwa vizazi kabla ya reli kufika. Hata hivyo, maswali wanayopewa wanafunzi wa ukanda huo, yawe ya kukokotoa uzito wa gesi, ya kusawazisha milinganyo ya kemia au ya kueleza asili ya miamba, kwa kawaida hayana mahali: jiwe la chokaa hutajwa pasipo kilima lilikochimbwa, asidi hutajwa pasipo shamba lenye udongo mchachu, na zebaki hutajwa kama metali ya ajabu iliyo kimiminika, pasipo neno lolote juu ya moshi wake. Hoja ya makala haya ni kwamba maswali hayo yatungwe upya kutokana na mawe, udongo na maji ya Busia na Tororo, kwa sababu mbili: yakiachwa yalivyo humfanya mwanafunzi aamini mambo yasiyo ya kweli kuhusu kilima anachokiona kila siku, na baadhi ya majibu yake yana uhusiano wa moja kwa moja na afya ya jamaa zake.

Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kiko takribani mita 1,480 juu ya usawa wa bahari, ndio unaofichua kasoro hiyo waziwazi. Mwanafunzi wa sekondari, kwa upande wowote wa mpaka, hufundishwa kuigawa miamba katika makundi matatu, ambayo ni miamba moto, iliyotokana na magma, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto la ndani ya dunia kisha yakapoa; miamba mashapo, iliyotokana na mchanga, tope au mabaki ya viumbe kurundikana na kushindiliwa; na miamba geu, ambayo ni miamba ya aina yoyote iliyobadilishwa na joto na mgandamizo bila kuyeyuka. Jiwe la chokaa huwekwa katika kundi la pili, na maelezo yanayotarajiwa katika jibu ni kwamba magamba na mifupa ya viumbe wa baharini ililundikana sakafuni mwa bahari hadi ikagandamana kuwa mwamba. Maelezo hayo yanafaa kabisa kwa Bamburi, karibu na Mombasa, ambako saruji hutengenezwa kutokana na matumbawe ya zamani, lakini kwa Tororo hayafai hata kidogo. Jiwe la chokaa la Tororo lilipanda kutoka ndani ya dunia likiwa magma, makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, katika kipindi kirefu cha volkeno kilichozaa pia volkeno za jirani za Sukulu na Bukusu na, baadaye, Mlima Elgon wenyewe, na kilichobaki leo ni kiini kigumu cha volkeno ambayo mteremko wake wa nje umekwisha kuliwa na mvua na upepo.

Mwamba wa namna hiyo huitwa kabonatiti, yaani mwamba moto ambao zaidi ya nusu yake ni madini ya kabonati, hasa kalsaiti, ambayo kikemia ni kalsiamu kabonati, kitu kilekile kinachounda gamba la konokono na matumbawe ya Bamburi. Kwa muda mrefu wanajiolojia wengi walikataa kuamini kwamba kuna magma ya namna hiyo, kwa kuwa kalsiamu kabonati ikichomwa peke yake hewani huvunjika kabla haijayeyuka, na iliwawia rahisi zaidi kudhani kwamba mawe ya Tororo yalikuwa vipande vya mwamba mashapo vilivyonaswa na volkeno. Ubishi huo ulipungua sana mwaka 1960, wakati J. B. Dawson alipoichunguza Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, na kuthibitisha kwamba lava inayotoka humo ni ya kabonati, nyeusi inapotiririka na yenye kugeuka nyeupe inapokutana na unyevu wa hewa, tena yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, ambalo ni takribani nusu ya joto la lava za kawaida. Hadi leo Ol Doinyo Lengai ndiyo volkeno hai pekee duniani inayotoa lava ya aina hiyo. Yaani ushahidi uliosaidia kumaliza mabishano ya wataalamu wa dunia nzima uko Afrika Mashariki, na mmojawapo wa mifano iliyobishaniwa unaonekana kutoka madirisha ya shule za Tororo. Lakini mwanafunzi wa hapo akiulizwa asili ya jiwe la chokaa na kujibu kwamba ni mwamba mashapo uliotokana na viumbe wa bahari, atapewa alama zote, na akijibu kwamba la kwao lilitoka kwenye magma, yumo hatarini kunyimwa.

Swali bora lingeanza na jiwe mkononi. Mwanafunzi angesaga kipande cha jiwe la Tororo, akakidondoshea maji ya ndimu au siki, na kuona mapovu ya kabonidioksaidi, ambayo ni dalili ya kabonati. Kisha angepitisha sumaku juu ya unga uleule na pengine kuona chembe nyeusi zikirukia sumaku, ambazo ni magnetaiti, oksidi ya chuma inayopatikana kwa wingi katika kabonatiti na kwa nadra katika matumbawe. Angetafuta alama za magamba asizione. Hapo ndipo angeulizwa ni ushahidi upi unaoonyesha kwamba mawe mawili yenye kalsiamu kabonati moja yana historia mbili tofauti, na kujibu swali hilo kungemfunza jambo ambalo mazoezi mengi ya sasa hayalifunzi, nalo ni kwamba fomula ya kemia inaeleza kitu kimeundwa na nini, na haielezi kimetoka wapi.

Kutoka hapo hesabu zenyewe zinajitokeza. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati Uganda ilipokuwa ikijenga bwawa la Owen Falls huko Jinja, na tangu hapo viwanda vingine vimefuata katika wilaya hiyohiyo. Kazi ya kwanza ya tanuri ni kuivunja kalsiamu kabonati, ambayo kuanzia nyuzi 900 hivi hugawanyika kuwa chokaa hai, yaani kalsiamu oksidi, na gesi ya kabonidioksaidi. Kazi ya pili, inayohitaji joto la nyuzi 1,450 hivi, ni kuiunganisha chokaa hiyo na silika, alumina na chuma kutoka kwenye udongo wa mfinyanzi ili kupata klinka, madonge magumu ambayo husagwa kuwa saruji. Kwa kuwa uzito wa atomi ya kalsiamu ni 40, wa kaboni 12 na wa oksijeni 16, uzito wa moli moja ya kalsiamu kabonati, yaani kiasi kinachotumiwa na wanakemia kuhesabia chembe, ni gramu 100, ambazo zikichomwa hutoa gramu 56 za chokaa hai na gramu 44 za gesi. Tuseme, basi, kwamba tani moja ya jiwe ina asilimia 80 ya kalsiamu kabonati: hiyo ni kilo 800, ambazo zitatoa kilo 448 za chokaa hai na kilo 352 za kabonidioksaidi. Kilo hizo 352 ni moli 8,000, na kwa kuwa moli moja ya gesi katika joto la kawaida la chumba hujaza lita 24 hivi, gesi iliyotoka katika tani moja tu ya jiwe ingejaza meta 192 za ujazo, wakati darasa lenye urefu wa meta 8, upana wa meta 6 na kimo cha meta 3 lina meta 144 za ujazo. Mwanafunzi aliyekokotoa hivyo anaelewa kwa nini viwanda vya saruji hutajwa katika kila mkutano wa tabianchi, na anaelewa kwamba sehemu hiyo ya gesi ingetoka hata kama tanuri lingechomwa kwa nishati isiyo na kaboni, kwa sababu inatoka ndani ya jiwe lenyewe.

Swali hilohilo laweza kuongezewa utata wa kweli. Jiwe la Tororo lina fosforasi kutokana na madini ya fosfeti yaitwayo apataiti yaliyomo, na fosforasi ikizidi ndani ya klinka huzuia kuundwa kwa madini yanayoipa saruji nguvu yake ya siku za mwanzo. Ndiyo sababu mojawapo ya viwanda vya Tororo kutafuta pia mawe ya Moroto, katika Karamoja, umbali wa mamia ya kilomita, ilhali kilima cha chokaa kimesimama nyuma ya ukuta. Kitu kinachoharibu saruji, hata hivyo, ndicho kinachotafutwa na mkulima, na kwa hoja hiyo darasa linaweza kuhamia Sukulu.

Vilima vya Sukulu, kusini tu mwa mji wa Tororo, ni kabonatiti pia, lakini thamani yake kubwa iko katika udongo mwekundu uliojaza mabonde yaliyo kati ya vilima. Maji ya mvua hubeba kabonidioksaidi kutoka hewani na kwenye mizizi, hivyo huwa asidi hafifu, na asidi hiyo huiyeyusha kalsaiti polepole na kuipeleka mitoni ikiwa kalsiamu haidrojenikabonati, ile inayofanya maji ya visima yawe magumu na sabuni isitoe povu. Apataiti, ambayo ni fosfeti ya kalsiamu, na magnetaiti haziyeyuki kirahisi hivyo, kwa hiyo hubaki nyuma. Kwa mfano wa hesabu, mwamba wenye kilo 85 za kalsaiti, kilo 5 za apataiti na kilo 10 za madini mengine ukiondolewa kalsaiti yote, kilo 100 zinapungua kuwa 15, na apataiti iliyokuwa asilimia 5 inakuwa asilimia 33 bila mtu yeyote kuongeza hata chembe. Kwa njia hiyo ya uchujaji wa miaka mamilioni, Sukulu ilijipatia akiba inayokadiriwa kuwa zaidi ya tani milioni 200 za udongo wenye fosfeti, ambayo K. A. Davies wa Idara ya Jiolojia ya Uganda aliielezea katika maandishi yake ya mwaka 1947. Katika swali moja la aina hiyo mna asidi, umumunyifu, asilimia na historia ya mandhari, mambo ambayo kwa sasa yametawanywa katika vitabu vinne na walimu wawili wasiokutana.

Apataiti yenyewe haimfai sana mkulima, kwa kuwa haiyeyuki haraka katika maji, na mmea hunywa tu kilichoyeyuka. Ikichanganywa na asidi ya salfuriki hubadilika kuwa fosfeti inayoyeyuka, mbolea iitwayo superfosfeti, ambayo ilitengenezwa Tororo katika miaka ya 1960 na 1970 kabla ya uzalishaji kusimama, na ambayo ilikuwa mojawapo ya matarajio ya kiwanda kipya cha Sukulu kilichofunguliwa mwaka 2018 na kampuni ya Guangzhou Dongsong ya China. Mlinganyo wa mabadiliko hayo unaonyesha kwamba kilo 1,008 za apataiti safi zinahitaji kilo 686 za asidi, na mwanafunzi anayefika kwenye jibu hilo ameona chanzo cha ugumu mkubwa wa biashara hiyo: kuwa na mwamba si kuwa na mbolea, kwa kuwa kila tani ya mwamba inadai karibu theluthi mbili za tani ya asidi, na asidi hutengenezwa kwa salfa ambayo sharti itafutwe mahali pengine na isafirishwe.

Wakati huohuo wazazi wake hununua dukani mfuko wa mbolea ya kupandia, wa kilo 50, ulioandikwa 18-46-0. Tarakimu hizo huonwa na watu wengi na kuelezwa na wachache, ingawa ni swali jepesi la kemia. Ya kwanza ni asilimia ya nitrojeni, hivyo mfuko una kilo 9 za nitrojeni. Ya pili ni asilimia ya fosforasi ikiwa imehesabiwa kama oksidi yake, hivyo kuna kilo 23 za oksidi, na kwa kuwa katika kila gramu 142 za oksidi hiyo fosforasi ni gramu 62, fosforasi yenyewe ni kilo 10. Ya tatu inasema potasiamu haimo kabisa. Swali linalofuata ndilo lenye uzito kwa mashamba ya Busia na magharibi mwa Kenya kwa jumla, ambako udongo wa maeneo mengi ni mchachu na fosforasi yake ni haba: ni kiasi gani cha kilo hizo 10 kinaufikia mhindi? Katika udongo wenye pH iliyo chini ya 5.5, alumini na chuma huikamata fosfeti na kuifanya isiyeyuke tena, na sehemu ya fedha ya mkulima hufungwa ardhini. Dawa mojawapo ni kuupunguzia udongo uchachu kwa unga wa chokaa, jambo linaloturudisha kwenye jiwe la kabonati na mapovu yake, na linalompa mwalimu nafasi ya kueleza kwamba kipimo cha pH hupanda kwa makumi, hivi kwamba udongo wa pH 5 una uchachu mara kumi kuliko wa pH 6, wala si zaidi kidogo tu kama tarakimu zinavyoweza kumdanganya msomaji.

Dhahabu inadai nafasi kubwa kuliko yote hayo. Miamba ya Busia yenye dhahabu ni sehemu ya ukanda wa mawe ya kale sana, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, unaovuka mpaka kutoka magharibi mwa Kenya, ukanda uleule uliowavuta watafutaji wa dhahabu Kakamega mapema katika miaka ya 1930 na uliofanya uchimbaji uanze Tiira, upande wa Uganda, katika muongo huohuo. Leo kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na wachimbaji wadogo, wanaume kwa wanawake, wanaofuata mishipa ya kwatzi ardhini, wakayaponda mawe, wakayasaga kuwa unga na kuuosha kwa maji katika mifereji ya mbao na makarai. Uoshaji huo ni somo la fizikia na kemia kwa pamoja. Msongamano wa dhahabu, yaani uzito wa sentimita moja ya ujazo, ni gramu 19.3, na wa kwatzi ni gramu 2.65, kwa hiyo hewani chembe ya dhahabu huwa nzito mara 7 hivi kuliko ya kwatzi iliyo sawa nayo kwa ukubwa. Lakini ndani ya maji kila chembe hupoteza uzito sawa na wa maji iliyoyasukuma, gramu moja kwa kila sentimita ya ujazo, na uwiano unakuwa 18.3 kwa 1.65, yaani mara 11. Mchimbaji anayeosha unga wake majini badala ya kuupepeta amechagua njia iliyo bora kwa zaidi ya nusu, na mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hilo kwa kalamu.

Chembe zilizo ndogo sana hukwepa maji, na hapo ndipo zebaki inapoingia. Zebaki huikumbata dhahabu na kufanya nayo donge laini liitwalo amalgamu, ambalo hukamuliwa kwa kitambaa na kisha kuchomwa, kwa kuwa zebaki huchemka kwa nyuzi 357 wakati dhahabu haiyeyuki hadi nyuzi 1,064. Donge likichomwa katika moto wa wazi, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Swali la kanuni ya kutopotea kwa maada, ambayo kila mwanafunzi wa kemia huikariri, laweza kuulizwa hapo kwa maneno machache: donge la gramu 10 limechomwa jikoni na kubakiza gramu 4 za dhahabu, je, gramu 6 ziko wapi? Kitabu kinajibu kwamba maada haipotei. Basi zimo hewani, zimo katika mapafu ya aliyechoma, zimo katika kuta, nguo na sufuria ambazo mvuke uliganda juu yake.

Hesabu iendelezwe hadi mwisho wake. Jiko lenye urefu wa meta 4, upana wa meta 3 na kimo cha meta 2.5 lina meta 30 za ujazo, na gramu 6 zikitawanyika humo ni miligramu 200 kwa kila meta ya ujazo, kiasi ambacho hewa ya nyuzi 25 haiwezi hata kukibeba, kwa kuwa hujaa zebaki inapofika miligramu 20 hivi. Zaidi ya hapo sharti idondoke kama matone madogo yasiyoonekana kwa macho, ambayo yataendelea kutoa mvuke siku baada ya siku kila jua linapopasha chumba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hewa inayovutwa mwaka mzima ni mikrogramu 1 kwa meta ya ujazo, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ili gramu 6 zizimuliwe hadi kiwango hicho zinahitajika meta milioni 6 za ujazo za hewa safi. Hakuna onyo la mabango linaloweza kusema jambo hili kwa nguvu kuliko mtoto aliyelikokotoa mwenyewe na kulipeleka nyumbani, na ndiyo maana ni vigumu kulitetea zoezi linaloitaja zebaki kwa ajili ya kipimajoto tu katika wilaya ambamo hutumika karibu na makazi ya watu.

Kinachotupwa na maji nacho kina kemia yake. Bakteria wa matope ya mito na maziwa hubadili zebaki kuwa methilizebaki, ambayo huingia katika vijidudu, kisha katika samaki wadogo, kisha katika samaki wakubwa, ikizidi kukolea katika kila hatua, kama ilivyodhihirika Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliosababishwa na samaki wenye sumu hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na kiambatisho chake kuhusu wachimbaji wadogo kinataka hatua zichukuliwe kukomesha mambo manne: kuchanganya zebaki na unga wote wa mawe, kuchoma amalgamu katika moto wa wazi, kuichoma katika makazi ya watu, na kutumia sianidi juu ya mabaki yenye zebaki kabla zebaki hiyo haijaondolewa. Kila moja ya hayo manne ni swali la kemia lililo tayari. Mto Sio, ambao sehemu yake ni mpaka wa nchi hizi mbili, humwaga maji yake Ziwa Viktoria, kwa hiyo swali la nne halina upande wa Kenya wala wa Uganda.

Njia mbadala nazo zifundishwe kwa uzito uleule, kwa kuwa kumwambia mchimbaji aache zebaki bila kumwonyesha pengine pa kushika ni kumwambia aache mlo. Chombo cha chuma kilichofunikwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji, hukamata mvuke wa zebaki na kuurudisha kuwa kimiminika, nao ni ukenekaji uleule unaofanywa maabara kwa maji ya chumvi. Boraksi, chumvi ya boroni inayotumiwa na masonara, hushusha joto la kuyeyuka kwa madini mengine yaliyochanganyika na dhahabu, yakawa kioevu cha kioo kinachoelea na kuiacha dhahabu ikizama chini, bila zebaki hata tone. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wameitumia kwa miongo kadhaa. Huko Busia kwenyewe chama cha wachimbaji wa Syanyonja kilipata mwaka 2017 cheti cha Fairtrade kwa dhahabu yake, jambo linaloonyesha kwamba utaratibu bora unawezekana katika udongo uleule. Ni lazima isisitizwe pia kwamba maswali haya ni ya kalamu na karatasi: zebaki isiletwe darasani kwa namna yoyote, na mtoto asipelekwe shimoni kwa kisingizio cha kujifunza.

Kuhusu chuma cha Samia maneno machache yatatosha. Mawe ya vilima hivyo yana hemataiti, oksidi ya chuma ambayo kila gramu 160 zake zina gramu 112 za chuma, sawa na asilimia 70. Wahunzi waliipunguza oksidi hiyo kwa makaa na mivukuto, ambapo kaboni monoksaidi iliyozalishwa na makaa ilichukua oksijeni ya jiwe, na majembe yao yalienea kwa majirani. Mlinganyo unaofundishwa kwa mchoro wa tanuri kubwa la Ulaya ni uleule uliotendwa Samia, na haki ya kihistoria inataka utajwe hivyo.

Kinachozuia maswali ya namna hii si ukosefu wa maarifa. Kwanza, miamba hufundishwa katika jiografia na milinganyo katika kemia, na kwa hiyo mwalimu mmoja huchora volkeno bila kuuliza imetengenezwa na nini, na mwingine hukokotoa kabonati bila kuuliza imetoka wapi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020 umeliona tatizo hilo kwa kiasi fulani, kwa kuiingiza mada ya miamba na madini katika kemia ya miaka ya mwanzo, na mtaala wa umilisi wa Kenya nao unasisitiza mwanafunzi atumie ujuzi katika mazingira yake. Pili, kuna mpaka. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 wanafunzi wa Busia zote mbili walihitimu chini ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, kabla ya kila nchi kuunda baraza lake. Tangu hapo magari na bidhaa zimepewa kituo kimoja cha forodha kinachohudumia pande mbili, kilichozinduliwa Busia mwaka 2018, wakati maswali ya kemia hayajapata hata daraja la miguu.

Pingamizi lenye uzito ni la usawa: mtihani wa taifa hauwezi kumuuliza mtoto wa Lamu au wa Kabale habari za Sukulu. Hilo ni kweli, lakini mtihani wa taifa ni siku chache katika miaka minne, na mazoezi ya darasani ni kila siku ya miaka hiyo. Aliyejifunza kukokotoa kwa jiwe la Tororo atakokotoa kwa jiwe lolote, na mabaraza ya mitihani yana wajibu mmoja tu hapa, ambao ni kuhakikisha kwamba miongozo ya usahihishaji haimwadhibu mtahiniwa anayesema kwamba kuna jiwe la chokaa lililotokana na magma, kwa sababu anasema kweli.

Walimu wa kemia na wa jiografia wa Busia, Malaba na Tororo, wa pande zote mbili za mpaka, hawahitaji kusubiri wizara ili waketi pamoja katika likizo moja, waandike maswali ya chokaa, fosfeti, udongo, dhahabu na chuma pamoja na majibu yake, na kuyagawa bure mashuleni. Waanze na lile la gramu 6 za zebaki.